Mkishampa Profesa wa Kemia Kiti, Maabara Mnamwachia Nani?

Wakenya tunapenda sana kuandika "Hongera Prof." Mtu akiteuliwa tu kuwa naibu chansela wa chuo fulani, simu zinajaa picha yake akiwa na joho, kijijini mbuzi anachinjwa, na watu waliosoma naye wanakumbuka ghafla kwamba walikuwa wakikalia dawati moja. Mbunge wa kwao anatoa taarifa. Sawa, sina neno na hiyo sherehe. Lakini hebu niambieni, ni lini mara ya mwisho mliona Mkenya akipongezwa hivyo kwa sababu ameelewa kitu ambacho hakuna binadamu mwingine alikuwa amekielewa kabla yake? Si mnaona. Na hiyo kazi ndiyo iliyomfanya aitwe profesa, na ndiyo ya kwanza kuachwa siku anapopewa kiti.

Leo naongea kuhusu maprofesa wa kemia hasa, na nina sababu. Mwanahistoria akifanywa naibu chansela anaweza kuamka saa kumi alfajiri akaandika kurasa mbili kabla ya dereva kufika. Mkemia je? Kemia huifanyi ukiwa kwenye mkutano wa bajeti. Inataka mikono, inataka mtu wa kuangalia mtambo usiku, inataka wanafunzi wa uzamifu ambao ukiwaacha wiki tatu kazi yao inakwama. Ukimtoa mkemia maabarani miaka kumi, yaani vipindi viwili vya naibu chansela, hurudishi mkemia. Unarudisha mzee mwenye heshima anayekumbuka kemia.

Tufanye jaribio dogo. Ukiwa ndani ya matatu yoyote leo taja jina "Munavu". Mzazi atakwambia JSS. Mwanafunzi wa chuo atakwambia ule mfumo mpya wa kufadhili vyuo, na atakwambia kwa hasira. Prof. Raphael Munavu ndiye aliongoza kamati ya rais iliyoundwa Septemba 2022 kuangalia elimu yote, kuanzia chekechea mpaka chuo kikuu, na ripoti ikakabidhiwa Agosti 2023. Kamati hiyo ndiyo ilitaka sekondari msingi ibaki kwenye shule za msingi. Ndiyo ilipendekeza wanafunzi wa vyuo wafadhiliwe kulingana na uwezo wa familia, mfumo ambao Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba Desemba 2024, na tumebishana juu yake mpaka sauti zikaisha.

Sasa uliza swali la pili kwenye matatu hiyohiyo. Munavu ni profesa wa nini? Kemia. Amefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, amekuwa naibu chansela wa Moi, ameongoza Akademia ya Kitaifa ya Sayansi. Swali la tatu: alitafiti nini katika kemia? Matatu yote kimya, mpaka konda.

Simlaumu yeye. Jamaa aliitwa na taifa akaitika, na ripoti yake uipende usiipende imegusa watoto wote wa nchi hii. Lawama yangu ni kwetu sisi. Tumezoea kuusoma wasifu wa msomi kama ngazi ya vyeo. Nenda hafla yoyote ya mahafali usikilize mgeni wa heshima akitambulishwa: mwenyekiti wa hiki, mwanachama wa bodi ya kile, mkuu wa kitivo, mkuu wa koleji, dakika kumi nzima. Utafiti unapata sentensi moja mwishoni, "amechapisha makala nyingi katika majarida ya kimataifa", halafu makofi. Makala nyingi za nini? Hakuna anayeuliza.

Nawapa jina lingine, na hapa naweka dau kwamba wengi wenu hamlijui: Prof. Shem Wandiga. Alisoma Marekani, Howard kwanza, halafu uzamifu wa kemia Case Western Reserve kule Ohio, akarudi kufundisha Nairobi. Vyeo? Anavyo pia. Aliwahi kuwa naibu wa naibu chansela (Kiswahili chetu nacho, hicho cheo ukikitamka unaonekana una kigugumizi), akaongoza hiyohiyo akademia ya sayansi, akasimamia taasisi ya mabadiliko ya tabianchi pale Nairobi. Lakini sijamleta hapa kwa sababu ya vyeo. Nimemleta kwa sababu ya DDT.

DDT ni ile dawa ya kuua wadudu iliyosambaa dunia nzima baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mbu, chawa, wadudu wa pamba, yote ilikuwa kazi yake. Baadaye watu wakagundua haiishi upesi. Inakaa kwenye udongo, inaingia kwenye mafuta ya samaki, ya ndege, ya mtu. Kenya iliipiga marufuku mashambani mwaka 1986, ikabaki kwa mambo ya afya ya umma. Sasa, zile namba za vitabuni zinazosema inakaa udongoni kwa miaka mingi zilipimwa wapi? Nchi za baridi. Udongo unaolala chini ya theluji miezi kadhaa kila mwaka. Swali ambalo mkulima yeyote wa Mwea angekuuliza ni rahisi: na hapa kwetu, kwa hili jua?

Wandiga na wenzake walilijibu. Walichukua DDT iliyotiwa kaboni yenye mnururisho, kaboni-14, ambayo ni kama kumfunga mbwa kengele shingoni: popote inapoenda unaisikia. Wakaiweka kwenye udongo wa Kenya, wakangoja, wakapima, wakarudi wakapima tena. Wakakuta kwenye udongo wetu inatoweka haraka zaidi kuliko vitabu vinavyosema, hesabu ya miezi badala ya miaka. Usipige makofi bado. Inatoweka ikienda wapi? Sehemu kubwa inapaa hewani kwa sababu ya joto. Yaani shamba linaonekana limepona, kumbe sumu imehama tu. Wakaifuata mpaka upande wa bahari pia, wakatengeneza mfano mdogo wa bahari ya kitropiki, na maji yake na mashapo yake na viumbe wake, waone inaishia mwilini mwa nani.

Fikiria hiyo kazi polepole. Hakuna Mzungu aliyekuwa na haja ya kuifanya, manake udongo wake sio huu. Isingefanywa na mtu wa hapa, tungekuwa bado tunatunga sheria za sumu za Kenya kwa kutumia udongo wa nchi za watu.

Na msifikiri hayo ni mambo ya zamani. Mwaka 2019 Gladys Shollei, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, alipeleka ombi Bungeni kwamba dawa za wadudu zilizokatazwa Ulaya kwa sababu ya madhara yake ziondolewe kwenye maduka yetu. Upande mmoja ukasema zinatuua, upande wa pili ukasema mkiziondoa mazao yataisha na mtakufa njaa. Wote wanaongea kwa sauti kubwa. Hapo ndipo nchi inahitaji mkemia atakayesimama na kusema: nimepima sukuma wiki ya soko hili na soko lile, nimepima maji ya mto huu, namba ni hizi. Kama maabara zimelala, tunachobaki nacho ni namba za Ulaya na namba za anayeuza dawa. Chagua.

Maabara zimelala? Niwaambie nilichokiona. Nilisoma kemia kwenye chuo kimoja cha umma, sitakitaja. Mwaka wa pili tulikuwa watu kumi na wanne kwa bureti moja. Mmoja anashika koki, mmoja anaandika, kumi na wawili tunachungulia rangi ikibadilika kama watu wanaotazama mechi kupitia dirisha la baa. Praktiko nyingine ilifanyiwa ubaoni: mhadhiri aliandika "matokeo yanayotarajiwa", tukaambiwa tunakili, tukapewa alama. Mashine ya kutambua kemikali, ile ya bei kali, ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kama maiti. Fundi wa maabara alisema kuna kipuri cha kuagiza ng'ambo. Faili iko wapi? "Iko juu."

Juu, kwa watu wa chuo, ni jengo la utawala. Na huko juu, aki, kulikuwa na maprofesa wetu watatu wa kemia! Mmoja fedha, mmoja mitihani, mmoja sijui mipango na ustawi. Hao watatu ndio walikuwa wanajua kuitumia ile mashine. Yule mhadhiri wa ubaoni hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa anafundisha masomo yake na ya wale watatu, ni mkuu wa idara, yuko kamati ya zabuni, yuko kamati ya nidhamu. Alikuwa anakula chapati akitembea.

Najua mtu ameshaanza kuandika komenti: kwani unataka vyuo viongozwe na nani, wanasiasa? Hapana. Mtu aliyewahi kukosa kemikali katikati ya jaribio ataelewa kwa nini zabuni isichukue miezi minane. Hoja hiyo naikubali kabisa kwenye karatasi. Shida ni kile anachokikuta akishakalia kiti. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba mpaka Novemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mwaka 2017 hadi 2021. Nirudie: pesa za 2017, zinadaiwa 2025. Naibu chansela wakati kama huo kazi yake ni kuzima moto. Makato ya wafanyakazi hayajapelekwa, umeme unataka kukatwa, wanafunzi wako barabarani na wizara imenyamaza. Tumemchukua mtu ambaye nchi ilitumia miaka ishirini kumfundisha kusoma molekuli, tukampa kazi ya kuwapigia simu wadeni na kuwabembeleza wadai. Karani mzuri wa hesabu angeifanya vizuri kumliko.

Na kwa nini wanakubali? Kwa sababu si wajinga. Hapa kwetu, mhadhiri akitaka gari, ofisi yenye zulia, posho na kusikilizwa akiongea, njia ni moja tu: apande kiti. Abaki maabarani, atapata bureti moja kwa watu kumi na wanne na mshahara wa kugombania. Ungekuwa wewe na watoto watatu shuleni ungefanya nini? Ngazi tumeijenga sisi, ikiegemea ukuta wa utawala, halafu tunashangaa kila mwenye akili anaonekana huko.

Sasa twende Cape Town kidogo, kwa sababu kuna watu wanadhani hili ni tatizo la Afrika nzima kama malaria. Kelly Chibale ni Mzambia. Alisoma kemia Chuo Kikuu cha Zambia, akafanya uzamifu Cambridge, akaenda Marekani, na mwaka 1996 akajiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2010 akaanzisha pale kituo cha kutafuta dawa kinachoitwa H3D. Mwaka 2012 wakatangaza molekuli ya kutibu malaria, MMV390048, waliyoivumbua na wenzao wa kimataifa huku timu ikiongozwa kutoka Afrika. Ikafika hatua ya kujaribiwa kwa binadamu. Isije mtu akaniambia nimeficha: dawa yenyewe haijafika dukani, ilisimamishwa njiani. Kwenye biashara ya dawa nyingi huishia hivyo. Lakini maabara ilibaki na watu walibaki. Vijana wa Kiafrika waliojifunza kutengeneza dawa kutoka mwanzo, sio kufungua maboksi ya dawa kutoka India na kuhesabu vidonge.

Huyu Chibale ni kiongozi? Ni kiongozi mkubwa sana. Mwaka 2018 jarida la Fortune lilimweka kwenye orodha ya viongozi 50 wakubwa duniani, yeye na kemia yake. Anaajiri, anatafuta pesa, anakutana na mawaziri, anakaa kwenye mikutano, yote ambayo naibu chansela hufanya. Tofauti ni kwamba kila mkutano anaouhudhuria unarudi kwenye maabara ileile.

Hilo halikutokea kwa maombi. Mwaka 2006 serikali ya Afrika Kusini ilianzisha mpango wa viti vya utafiti. Ndiyo, viti! Profesa anapewa kiti, ila kiti chenyewe kiko maabarani. Pesa zinatoka serikalini, za miaka mitano mitano, zinaweza kwenda mpaka miaka kumi na mitano, na sharti ni kwamba muda wake karibu wote uwe utafiti na kusimamia wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Chibale alipewa kimoja. Tebello Nyokong, mama kutoka Lesotho ambaye utotoni alikuwa akichunga kondoo siku moja na kwenda shule siku inayofuata, naye alikipata akiwa Rhodes. Huyo anatengeneza molekuli za rangi zinazoamshwa na mwanga ili ziue seli za saratani, na mwaka 2009 alipewa tuzo ya L'Oréal na UNESCO ya wanawake katika sayansi. Hakuna aliyemwambia kwamba ili aheshimike lazima aende kusimamia mabweni.

Sisi hatuna pesa, mtasema. Hapo ndipo ninapochemka kweli. Kenya ina sheria! Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inasema Hazina ya Taifa itatoa asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha iende kwenye Hazina ya Utafiti. Mwaka 2024 pato la taifa lilipita trilioni 16. Piga hesabu, hiyo ni zaidi ya bilioni 300 kwa mwaka. Serikali haijawahi hata kuikaribia hiyo asilimia. Sheria tuliitunga wenyewe, tukaisaini wenyewe, tukaipuuza wenyewe, na kila bajeti inasomwa Juni watu wanaangalia tu bei ya mafuta na mkate. Mimi sitaki hata hizo bilioni 300. Nipeni bilioni 3 tu za viti vya utafiti, zisizogeuzwa, zisizoliwa, muone vijana wa kemia watafanya nini.

Na hapa nina swali kwa maprofesa wa kemia waliowahi kufika juu, kwa heshima zote, nyinyi ni wazazi wetu. Mmekaa kwenye mabaraza ya vyuo. Mmeongoza kamati za marais. Hiyo asilimia 2 mliipigania wapi hadharani? Mlipokuwa na saa moja na rais, bureti zilitajwa? Kama hoja ya kuwaweka wanasayansi madarakani ni kwamba wataitetea sayansi, basi tuna haki ya kuuliza utetezi wenyewe uko wapi. Mhasibu akikaa pale bila kusema lolote namwelewa. Mkemia akinyamaza, hasara ni mara mbili: tumempoteza maabarani na hatujampata Ikulu.

Ningependa nafasi za naibu chansela zikitangazwa tena, na magazeti yakitoa orodha ya walioitwa kuhojiwa, wale wahojaji waache kidogo maswali ya "maono yako ni yapi". Wamuulize mkemia aliye mbele yao mambo matatu ya kawaida. Mwanafunzi wako wa mwisho wa uzamifu alihitimu mwaka gani? Ukipewa hii kazi kesho, nani anachukua maabara yako, na kwa bajeti gani? Ile mashine kubwa ya idara yako inafanya kazi? Akijibu vizuri, mpeni, nitakuwa wa kwanza kuandika hongera. Akianza kuzungukazunguka, mrudisheni idarani na mumpe pesa za kipuri.

Na chuo kinachomchukua profesa wake kumpeleka juu kilazimike kuajiri mtu mwingine pale chini siku hiyohiyo. Sio baada ya miaka minne, sio mtu wa mkataba wa kulipwa kwa saa ambaye hajalipwa tangu muhula uliopita. Mnajua ni wangapi wana uzamifu wa kemia nchi hii na wanaendesha teksi za apu au wanauza sabuni ya maji mitaani? Sabuni nzuri, lakini bado.

Sasa kazi yenu. Wewe uliye mwaka wa kwanza mpaka wa nne wa kemia, chuo chochote cha umma, kesho ukiingia maabarani hesabu vitu viwili: bureti ni ngapi, na watu ni wangapi. Kisha uliza ile mashine iliyofunikwa imekaa hivyo tangu lini. Niandikie namba tu, jina lako sitalitoa, na la mhadhiri wako wala usinitajie, ana shida za kutosha. Nikipata vyuo kumi nitaziweka zote hapa kwenye jedwali moja, na nitamtumia mwenyekiti wa Kamati ya Elimu Bungeni kabla bajeti ya Juni haijasomwa.